Warumi wa Kidato cha Pili

Mimi nikikasirika sipigi kelele, natembea. Wanaonijua pale Malangali wakiniona nimejifunga kanga kiunoni na kushika njia bila kusalimia mtu, wanapisha. Siku ile walinipisha kweli kweli, kwa sababu nilikuwa nakwenda Mollo kumtafuta mwalimu wa historia.

Kaka yangu Adolfu ndiye aliyenipigia simu. Yeye analima kulekule Mollo, kwenye shamba la baba yetu, na mtu wa maneno mengi si yeye. "Josefina," akaniambia, "Jenifer amegoma shule. Anasema umchukue, mkauze nyote karanga Kasesya."

"Amegoma kwa nini?"

Nikasikia anafunga mlango. Kisha akasema, "Mwalimu kamfanya mtumwa."

"Kamfanya nini?"

"Mtumwa. Darasani. Wenzake wamemcheka."

Sikungoja aendelee. Jenifer ni mtoto wa kaka yangu lakini ni kama nimemzaa mimi. Ndiye pekee katika ukoo wetu aliyefika kidato cha pili, tena kwa kichwa chake. Mimi niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikaachika, nikaangukia mpakani. Kasesya naijua. Najua kulala chini ya lori la mtu, najua kubembeleza watu wa ushuru na kugombana na vijana wa bodaboda juu ya kiroba kilichopasuka. Msaidizi nilikuwa namhitaji, tena huyu ningempata bure. Lakini Jenifer? Thubutu! Bora karanga zioze.

Nilimkuta mwalimu nje ya ofisi, anaota jua. Kijana wa Tanga, jina lake Timoth, amevaa sweta mbili na koti juu, na bado anatetemeka kwa baridi yetu ya Ufipa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayegeuza watoto wa watu watumwa?"

Maskini, alinyanyuka hata kiti kikaanguka. Akaniomba nikae, nikakataa. Akaniambia walikuwa wanajifunza serikali ya Warumi wa kale, na akaona watoto wanasinzia, basi akaamua wacheze. Darasa likawa mji wa Roma. Wengine mabwanyenye, wana wa nyumba kubwa, ambao ndani yao ndimo walimotoka maseneta. Wengine makabwela, wanaolima, wanaojenga, wanaokwenda vitani. Na wengine watumwa, wasio na kura wala neno.

"Hao Warumi ndio hawa wetu?" nikamwuliza.

"Wenu, mama?"

"Sisi hapa karibu wote ni Roma. Jumapili tunajaa kanisani mpaka nje."

Akatabasamu kidogo, kwa woga. "Ni mji uleule, mama. Ila hii ni kabla hawajabatizwa."

"Haya. Na mabwanyenye ulimchagua nani, na mtumwa nani?"

"Sikuchagua mtu! Haki ya Mungu. Niliandika vikaratasi, nikaviweka kwenye kofia yangu, kila mmoja akachota. Evans akachota seneta. Jenifer akachota mtumwa. Darasa zima likacheka, na mimi sikuelewa wanacheka nini. Mtoto mmoja kule nyuma akasema, 'Hata karatasi zinajua ukoo.' Nikadhani ni utani wa kawaida, nikaendelea na somo."

Hapo nikakaa. Kiti kilikuwa bado kimelala chini, nikakaa kwenye ngazi ya ofisi.

Evans ni mjukuu wa mzee Kornel. Na mzee Kornel ndiye mtu ambaye baba yangu, Isdori, humwamkia shikamoo. Msomaji, baba yangu ana miaka themanini na ushee. Kornel hajafika sabini. Baba anamzidi kwa umri wa kijana anayeota ndevu, lakini kila akikutana naye njiani, sokoni, msibani, baba huvua kofia, hupinda magoti, hupiga makofi yale ya taratibu ya Kifipa, na kusema, "Shikamoo, mzee." Na Kornel huitika marahaba huku ameangalia pembeni. Tangu tuko wadogo tumeliona hilo. Tulipouliza tuliambiwa, "Ni heshima ya undugu," na mwenye kuuliza mara ya pili alipigwa kofi. Basi tukaacha kuuliza. Lakini kijiji hakikuacha kujua, na inaonekana watu walikuwa wanawaambia watoto wao kile ambacho sisi hatukuwaambia wa kwetu.

Mwalimu Timoth alikuwa ananitazama. "Mama, kuna kitu sikukijua?"

"Kipo. Niambie kwanza, huyo mtumwa wa Kirumi aliishia wapi? Alikufa mtumwa?"

"Si wote. Bwana wake aliweza kumwacha huru mbele ya hakimu. Akishakuwa huru anafanya kazi zake, anajenga, wengine walitajirika kabisa. Na mtoto atakayezaliwa baada ya hapo ni raia kamili kama raia mwingine."

"Kumbe vizuri."

"Ila yeye mwenyewe alibaki mtu wa ile nyumba. Asubuhi alitakiwa kwenda mlangoni kwa bwana wake wa zamani kumsalimia."

"Hata akiwa huru?"

"Hata akiwa huru. Bwana akifa, anamsalimia mtoto wa bwana. Unakuta mzee mwenye mvi anamwinamia kijana."

Huyu mtoto wa Tanga alikuwa anasoma ukoo wetu kwenye kitabu cha watu waliokufa zamani, na yeye hajui. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikamwuliza, ilimradi nimwulize kitu, kama hao makabwela na watumwa hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

"Watumwa hapana. Makabwela walikuwa naye," akasema, na sasa uso wake ukachangamka, maana kumbe somo lake analipenda. "Mwanzoni hawakuwa na mtu. Walipochoka, wakatoka mjini wote, wakaenda kukaa mlimani. Mabwanyenye wakabaki na mji usio na mlimaji wala askari. Ikabidi wapatane. Makabwela wakapewa watetezi wao. Mlango wa mtetezi haukufungwa, mchana wala usiku, mwenye shida aingie. Na seneti ikipitisha jambo la kuwaumiza, mtetezi anasema neno moja tu: napinga. Jambo linasimama."

"Neno moja?"

"Moja tu."

"Na huyo mkubwa wa nchi, anakubali?"

"Wakubwa walikuwa wawili, kila mmoja anamchunga mwenzake, na wanakaa mwaka mmoja tu madarakani."

"Mwaka mmoja, halafu wanatoka?"

"Wanatoka."

"Loo! Hao watu walikuwa wa ajabu," nikasema. Nikamuaga, nikamwambia hana kosa, lakini kofia yake aivae kichwani tu.

Jenifer nilimkuta shambani na jembe. Ulikuwa mwezi wa matuta, nyasi zimerefuka, na kwetu nyasi hazichomwi. Zinakusanywa na kufukiwa chini ya udongo, linatokea tuta la duara, ntumba, ambalo msimu unaofuata linatoa mahindi ya kushangaza. Alikuwa anafukia kwa hasira, udongo unaruka.

"Shikamoo, shangazi. Umekuja kunichukua?"

"Marahaba. Nimekuja kukurudisha shule."

"Sirudi."

"Kwa sababu ya mchezo? Mwalimu kaniapia ilikuwa bahati nasibu."

Akachomeka jembe ardhini, akanitazama. Ana macho ya mama yake, hayakwepi. "Shangazi, kuitwa mtumwa mimi hakunisumbui. Evans mwenyewe alikuja kuniomba radhi, na hakuwa amesema kitu. Kinachoniuma ni kwamba darasa zima linajua, mimi sijui. Nilimwuliza baba, akanifokea. Babu anamwamkia babu yake Evans kwa nini?"

Nilifungua mdomo. Ile "heshima ya undugu" ilikuwa tayari kwenye ulimi, nikaimeza.

"Unaona?" akasema. "Na wewe pia." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye udongo. "Basi mimi nawaambia hivi. Babu akiacha kumwamkia yule mzee, narudi shule. Akimwamkia tena mbele ya watu, siwezi kukaa darasa moja na Evans, nitakwenda Kasesya hata kwa miguu."

Nilimkemea kwa kuwawekea wazee masharti, maana shangazi ni shangazi. Lakini moyoni nilijua mtoto kasema haki.

Tukaenda nyumbani sote wawili. Baba alikuwa barazani anapukuchua mahindi, Adolfu yupo pembeni ananoa panga. Nilimwamkia baba, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamwambia yote kama yalivyo, kofia ya mwalimu na kicheko cha watoto. Adolfu akaanza, "Josefina, mambo hayo..." Baba akainua mkono.

Baba aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akasema na Jenifer, si na sisi.

"Baba yangu aliletwa mdogo, kutoka ng'ambo ya ziwa. Jina la kijiji chao hakulijua. Alichokumbuka cha mama yake ni harufu ya samaki tu. Babu yake Kornel alimnunua kwa majembe, maana wakati ule Wafipa walifua chuma na jembe lilikuwa mali. Akamlea, akamlimisha. Mapadri walipombatiza, yule mzee akamwambia, 'Sasa uko huru,' akampa shamba hili. Lakini baba alimwamkia mpaka mzee yule alipokufa. Akamwamkia na mwanawe. Siku anakufa akaniambia, 'Isdori, usiache kuamkia ile nyumba. Ukiacha, watalitwaa tena shamba lao, na watoto wako watalala njiani.'"

"Ndiyo maana?" Jenifer akauliza.

"Ndiyo maana. Mmekula kwa shikamoo yangu, mjukuu wangu. Nyote."

Niliona aibu, si ya kuwa mjukuu wa mtu aliyenunuliwa. Niliona aibu kwamba baba yangu alibeba hofu hiyo peke yake, na sisi wanawe tulimwona tu kama mzee anayejipendekeza. Ndiyo, tulimwona hivyo, mimi na Adolfu tulikuwa tunamwiga makofi tukiwa wadogo. Nililia palepale kwenye mkeka, na Jenifer akaenda kukaa karibu na babu yake, akachukua hindi jingine, akaanza kupukuchua naye.

"Utaacha, babu?" akamwuliza polepole.

"Nimezoea," baba akasema. "Nikimwona tu, magoti yanakwenda yenyewe."

Sasa ndipo hasira yangu ikapata pa kwenda. Nikafunga tena kanga, Adolfu akaniuliza unakwenda wapi, mimi tayari niko njiani. Nilikumbuka yule mtetezi wa makabwela. Watumwa hawakuwa na mtu? Basi leo wanaye.

Mzee Kornel alinikaribisha sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma. Ni mtu mnene, mpole, mstaafu wa ushirika. Nikamwamkia kwa sababu ni mzee wangu, na hiyo shikamoo ilikuwa yangu halali. Kisha nikamwambia, "Mzee, nimekuja kupinga."

"Unapinga nini, binti yangu? Kama ni mambo ya mpaka wa shamba la kule juu..."

"Napinga shikamoo ya baba yangu. Mtoto wetu ameacha shule kwa ajili yake. Kama shamba ni lenu, mtuambie leo tuhame, lakini yule mzee asipige tena magoti mbele yako."

Kornel akainuka kidogo kitini. "Shamba gani?"

"Hili tunalolima."

"Lile ni lenu! Babu yangu alilitoa hata mimi sijazaliwa. Nani alisema tutalichukua?"

"Baba ameishi akiamini hivyo maisha yake yote."

Yule mzee akafunika uso kwa mikono. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari mdomoni, lakini kwa hilo sikujiandaa.

"Josefina," akasema, "nilikuwa mtoto wa shule ya msingi baba yako alipoanza kuniamkia. Mtu mzima, mwenye mke! Nilikimbia nikajificha jikoni kwa mama, nikalia. Baba akanitoa kwa fimbo. Akasema, 'Ukiikataa shikamoo yake umemtukana, utakuwa umemwambia hana nyumba.' Basi nikawa naitikia. Kila siku naitikia, na kila siku naona haya. Sokoni nikimwona kwa mbali, huwa nageuza njia."

"Sisi tulidhani ni dharau."

"Najua mlidhani hivyo."

Ajabu ya Mungu! Mmoja anapiga magoti kwa hofu, mwingine anaitikia kwa haya, na hakuna hata mmoja anayetaka. Nikamwuliza, "Sasa utafanyaje?" Akatikisa kichwa. Akasema hajui, mtu huwezi kumkataza mzee heshima yake mbele za watu, anaweza kuona ametupwa. "Nenda, binti yangu. Nimekusikia." Maneno ya mkubwa yeyote akitaka uondoke. Nikatoka bila kuaga vizuri.

Nilimweleza baba kwamba shamba ni letu. Akasikiliza, akasema, "Maneno ya mdomo hayo," akarudi kwenye mahindi yake. Jenifer alifunga nguo zake kwenye mfuko. Tulikubaliana tungoje Jumapili, na Jumatatu asubuhi, shule au Kasesya.

Jumapili hiyo sikusikia hata neno la mahubiri. Misa ilipokwisha tulitoka uani, watu wamesimama kwenye jua na masweta yao, wanapeana mikono, mwalimu Timoth naye yupo na koti lake. Mimi na Jenifer tulisimama pembeni, kwenye ukuta. Baba akatoka na mkongojo, akateremka ngazi taratibu. Na mzee Kornel akatokea mlango wa pili, Evans amemshika mkono. Hapakuwa na njia ya kugeuza.

Baba akamwona. Akasimama. Niliuona mkono wake unapanda kwenda kwenye kofia. Kofia ikatoka, magoti yakaanza kulegea kama alivyosema, na Jenifer akaniachia mkono, akageuka kuukabili ukuta. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, kesho ninaye kwenye lori.

Ndipo Kornel akamwachia Evans. Akaharakisha, mtu mnene yule, akajikwaa, akamfikia baba kabla neno halijamtoka. Akavua kofia. Akainama mpaka goti likagusa changarawe, akapiga makofi, moja, moja, taratibu, kila mtu uani anasikia.

"Shikamoo, kaka Isdori."

Baba yangu akageuka nyuma kuangalia ni nani anaamkiwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Ni wewe, babu," Jenifer akasema. Alikuwa ameshageuka, ameshafika kwake, na mimi sikumwona akiondoka. "Anakuamkia wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Mwitikie, goti linamuuma."

Baba akarudisha kofia kichwani. Kwa nyumba ile hakuwahi kulisema neno hilo, wala baba yake, na nadhani alilitafuta mbali sana. Akaweka mkono juu ya bega la Kornel.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka."

Jumatatu nilikwenda Kasesya peke yangu.